Bibi Zamu na Mawe ya Foleni

Jumanne natakiwa kurudi ofisi ya vitambulisho na mtu mzima aliyekuwepo nilipozaliwa. Leo ni Jumamosi. Wazee wengine wamekufa au wamehama, mtu wa kunisaidia amebaki mmoja tu, na huyo mmoja sijawahi kumsikia akimsemea mtu jambo ambalo hakuliona kwa macho yake. Ndiyo maana badala ya kupanda gari la mlimani nimekaa barazani, mashine ya kushona nimeifunika, naandika habari zake. Nataka nimkumbuke vizuri kabla sijamwomba.

Tulimwita Bibi Zamu. Jina lake tulilijua, lakini hakuna mtoto aliyelitumia, na mimi sitalitumia hapa. Alikuwa msimamizi wa bomba la Kambini, hapa Same mjini. Mtaa wetu uliitwa Kambini kwa sababu wengi wetu tulitoka kwenye kambi za mkonge. Tulikuwa Warundi, Waha, Wamakonde wawili watatu. Baadaye wakaongezeka Wamaasai waliomaliziwa ng'ombe na ukame, na wavuvi wa Jipe waliochoka kupambana na magugu ya ziwa. Hakuna aliyekuwa kwao. Hata Bibi Zamu alitoka mlimani, ila Mpare akija Same hasemi amehama, anasema ameshuka.

Aliposhuka alishuka na sheria zake. Kule juu maji ya kumwagilia hukusanywa kwenye bwawa la kijiji, linaitwa ndiva, na kila nyumba ina zamu yake ya kufunguliwa. Asiyekuja kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji, hana zamu, hata kama ni mtoto wa mwenyekiti. Bibi Zamu alichukua mambo hayo yote akayaweka kwenye bomba moja la mjini linalotoka maji mara mbili kwa wiki. Kwa kuwa ndoo ziliibwa, watu walipanga mawe. Kila nyumba ilikuwa na jiwe lake, la korongoni, laini, na sisi watoto tuliyajua yote kama tunavyojua sura za watu. La Wamaasai wa kina Nasieku lilikuwa na mstari mweupe katikati. La mzee wa Jipe lilikuwa refu kama unyayo. Jiwe likiwa kwenye foleni, mwenyewe yupo kwenye foleni, hata kama yuko nyumbani amelala.

Sasa niandike kisa cha mama yangu, maana ndicho kinachonikosesha usingizi.

Siku mama alipofika Kambini, baba alikwenda kutafuta mlango wa kupanga na kumwacha karibu na bomba. Maji yalikuwa hayajatoka, watu hawapo, ila kuna mawe mazuri yamejipanga mstari mmoja. Mama katoka nchi yenye mvua, hajui foleni ya mawe ni kitu gani. Akachagua matatu yanayolingana, akaenda nayo nyuma ya nyumba, akayafanya mafiga. Maji yalipotoka familia tatu hazikuwa na zamu. Walipoyatafuta mawe yao wakayakuta yana moto katikati na sufuria juu. Watu walitaka kumpiga. Bibi Zamu alisimama kati akasema, "Huyu hajaiba. Mwizi hawezi kusonga ugali juu ya ushahidi."

Kisha akahukumu. Mama hakutozwa kitu wala hakuombeshwa msamaha. Aliambiwa kwa kuwa mawe yameshaungua, basi zile nyumba tatu siku hiyo zije kula kwenye mafiga yake. Zikaja: kina Nasieku, mzee wa Jipe na mkewe, na familia moja ya Wapare wa Hedaru. Wakaleta kila mmoja alichokuwa nacho, yakapikwa makande. Ndivyo tulivyopata majirani.

Kisa hiki kilisimuliwa kwenye harusi na misiba ya Kambini miaka yote. Mama mwenyewe alikisimulia kwa kucheka mpaka anashika mbavu, na kila mara alikimalizia hivi: "Na huyu alikuwa tumboni, ndiyo maana anapenda makande."

Nilikuwa tumboni. Kwa hiyo nilizaliwa Same. Ndivyo nilivyojaza kwenye fomu ya kitambulisho, na mkono haukusita. Afisa aliisoma akaniuliza kwa upole, sitaki kumsingizia, alikuwa mpole: "Dada, wazazi wote wawili wageni, cheti cha kuzaliwa huna, cha kliniki huna. Nani alikuona unazaliwa?" Nikasema mama amefariki, baba pia. Akasema, "Basi tafuta mtu mzima. Siyo wa kusema anakujua. Wa kusema alikuwepo." Yupo mwenzetu mmoja wa Kambini aliyeitwa kuhojiwa mara tatu, mara ya nne akafunga mlango wake akaondoka mwenyewe, hatujui aliko. Nami nina miaka thelathini na nne na wanangu wawili, na kule alikotoka mama, wanakoweza kunipeleka, sijui hata jina la mlima mmoja.

Turudi kwa Bibi Zamu.

Alipenda kesi. Watu husema hivyo juu ya Wapare wote kwa utani, na mimi siungi mkono kusema kabila zima, lakini yeye alikuwa hivyo kweli. Mtoto akisogeza jiwe hata nusu hatua alisikia, sijui alisikiaje. "Nani kasogeza? Semeni sasa hivi, au twende barazani kwa mtendaji, na kuku wa mama yako aje kutoa ushahidi!" Tulicheka, lakini tulilirudisha. Mwanawe mkubwa aliwahi kufungua bomba kwa ufunguo wa mama yake na kujaza mapipa ya mtu wa ujenzi. Bibi Zamu alimshitaki yeye mwenyewe kwenye kata, akasimama akasema alichoona, pipa kwa pipa. Mwanawe alikaa mwaka mzima hamsalimii. Watu wakamuuliza, Bibi, ungenyamaza tu, nani angejua? Akasema, "Ningejua mimi, na mimi ndiye ninayelala na mimi."



Lakini nisimfanye mtu wa hukumu tu, nitakuwa namwonea. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yake na siku yetu. Mama zetu walikuwa vibaruani au sokoni, na foleni ya maji ilikuwa tangu asubuhi mpaka alasiri. Yeye aliikuta ile foleni kero akaifanya shule, uwanja na jikoni. Kwanza hakuna mtoto aliyegusa bomba bila kumsalimia kwa lugha ya kwao, halafu wenzake wote wairudie. Kwa hiyo mimi mpaka leo naweza kusalimu Kimaasai, Kichasu cha Wapare, Kiha na Kimakonde, ingawa siwezi kuendelea zaidi ya salamu katika hata moja. Kirundi changu chenyewe nilikishika vizuri kwa sababu yake, maana nyumbani mama aliogopa kukisema kwa sauti. Bibi Zamu alinisimamisha mbele ya foleni nzima akasema, "Sema kama mama yako anavyosema akidhani hatumsikii." Nikasema. Foleni yote ikarudia, wazee kwa watoto, vibaya vibaya. Mama alikuwa anakuja na kapu, akasimama mbali akasikiliza. Jioni hiyo aliniita kwa Kirundi nje, mlangoni, watu wakipita.

Kisha makande. Sufuria lake lilikuwa kubwa kama beseni la kufulia, na sheria ilikuwa kila nyumba itoe konzi moja ya ilichonacho. Mahindi na maharage yalikuwa ya lazima, hayo aliyatoa yeye. Siku moja mtoto wa mzee wa Jipe alileta perege wawili wakavu.

"Hii nini?" Bibi akauliza.

"Konzi yetu, Bibi."

"Makande hayawekwi samaki."

"Baba kasema tulicho nacho ndicho hicho."

Nasieku, rafiki yangu ambaye hakuwahi kuogopa mtu, akadakia: "Bibi, ulisema ilichonacho. Hukusema isipokuwa samaki."

Bibi Zamu alimtazama Nasieku muda mrefu. Sisi tukajua leo anachapwa. Akachukua wale perege akawavunjia sufuriani, uso ameukunja kama anayemeza dawa, akasema, "Huyu akikua msimwache bila kumsomesha, atatumaliza kwa kesi." Alikula sahani mbili. Ila alisema ni kwa sababu ya njaa.

Tulicheza rede mpaka vumbi likatuziba, tukaoga kwa maji yaliyomwagika chini ya bomba, tukalala kwenye kivuli cha ukuta vichwa tumepandanishana. Sikujua kwamba sisi ni maskini. Sikujua kwamba sisi ni wageni pia, na hapo ndipo kwenye ajabu yake, maana yeye mwenyewe alituita hivyo kila siku. "Wageni wangu, mmenawa?" "Wageni wangu, nani analia?" Nililisikia neno hilo kama jina la timu. Nimekuja kulisikia kwa sauti nyingine mwezi uliopita, dirishani kwa afisa, likisomwa kwenye fomu.

Makosa yake nayo yapo. Alikuwa na maneno makali kwa wanawake, hasa wanaochelewa kuamka. Hakupenda watu wa kuimba sana kanisani, alisema wanamchosha Mungu. Na mwaka ule wa ukame mkubwa niliona kwa macho yangu mawe mawili ya watu wa ukoo wake yakisogea mbele, na aliyeyasogeza ni yeye. Nilikuwa na miaka kumi hivi. Inawezekana kulikuwa na mgonjwa katika nyumba hizo, sikuuliza. Lakini niliona. Nimelibeba hilo bila kumwambia mtu, na sasa naona aibu kuwa leo limenipa matumaini. Nasema moyoni, kumbe naye anaweza. Mtu aliyesogeza jiwe mara moja anaweza kunisemea neno moja ambalo hakuliona.

Hivyo ndivyo ninavyomwendea. Siyo vizuri, lakini ndiyo kweli.

*

Leo Jumatatu. Nimerudi. Niandike kabla mambo hayajachanganyika.

Nilipanda jana alfajiri. Gari lilituacha mwisho wa barabara, nikatembea na wamama waliokuwa wakirudi kutoka gulioni Hedaru. Kuna baridi kule, migomba imelowa, na maji yanapita kando ya njia kwenye mifereji yao bila mtu kuyapigania. Nilimkuta amekaa uani kwa mwanawe, yuleyule aliyemshitaki, ambaye sasa ndiye anayemtunza. Alikuwa anachambua maharage. Amekuwa mdogo. Macho yana ukungu kidogo, lakini vidole vilikuwa vinatupa maharage mabovu bila kukosea.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Nani?"

Nikamsalimia kwa Kirundi.

"Ah! Mgeni wangu!" Akaachia ungo. "Mtoto wa mwizi wa mawe! Kaa. Kula kwanza, sura yako kama ya mtu anayedaiwa."

Tulikula. Nilimpima, Mungu anisamehe. Niliuliza habari za watu wa zamani nione kama kumbukumbu zake zimeyumba. Alimkumbuka Nasieku na perege. Alikumbuka jiwe la nani lilikuwa lipi. Alikumbuka hata wimbo tuliouimba tukiosha sufuria. Kisha nikatoa fomu na kidau cha wino nilichonunua stesheni ya mabasi, nikamweleza. Nikamwambia wanataka mtu aliyekuwepo.

Alisikiliza kichwa ameinamisha. Akafuta kidole gumba kwenye kanga, akakinyoosha.

"Haya. Nipake."

Nikampaka wino. Bibi Zamu hajui kusoma, hakuwahi kuficha hilo. Nikaishika fomu mahali pa kuweka alama, na kidole chake kikawa kinashuka, na nikajua kwamba nikinyamaza kidogo tu, kidogo sana, mambo yamekwisha.

"Umeandika nini humo?" akauliza.

Sijui kwa nini sikudanganya. Sitaki kujisifu. Nadhani niliogopa zaidi kuliko nilivyokuwa mwema.

"Nimeandika nilizaliwa Same, Bibi. Kwamba ulikuwepo."

Kidole kikasimama hewani.

"Nani kakwambia?"

"Mama. Siku ile ya mawe nilikuwa tumboni."

Akarudisha mkono kwenye paja, kile kidole cheusi amekiinua kisichafue kanga. 

"Ulikuwa mgongoni," akasema. "Mama yako alipoinama kuokota mawe, wewe umemshika sikio. Sikio la kushoto. Ulikuwa na meno mawili ya chini. Nilikuwa nyuma ya ukuta namtazama, nikasema ngoja nione huyu anafanya nini na mawe ya watu."

"Ulimwona anaokota? Na hukumkataza?"

"Nilitaka nijue ni mwizi au ni mjinga." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Ulikuwa unalia. Nilikuwa na kidumu changu, nikakunywesha wewe kabla ya watu wote. Ndiyo siku pekee nimevunja zamu."

Siyo siku pekee. Niliiona ile nyingine. Mdomo ulinijaa nimwambie, kwamba kama umesahau hiyo basi labda umesahau na hii, labda aliyekuwa mgongoni ni mtoto mwingine. Nilikuwa na haki ya kusema. Lakini lile sikio lilinizuia. Mwanangu mdogo hulala hivyohivyo, ameshika sikio langu la kushoto, na nimemwambia mara ngapi aache.

"Mbona hukusema miaka yote? Kisa kimesimuliwa mbele yako mara mia."

"Mama yako aliniomba. Alisema, Bibi, huyu akue bila kujua njia tuliyopita. Mimi nikamwambia, siwezi kusema uongo, ila kunyamaza naweza. Nikanyamaza, na waliokuwepo nikawaomba wanyamaze." Akanitazama kwa yale macho ya ukungu. "Sasa umeniuliza."

Nililia. Nilimwambia mambo ambayo sikupanga, kwamba nitapelekwa mahali ambapo sijui kuomba hata maji, kwamba wanangu watabaki, kwamba neno moja la mzee kama yeye haliwezi kumdhuru mtu, nani angejua. Nilipotamka hayo ya mwisho nikajisikia, nikanyamaza mwenyewe. Mwanawe alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Alisikia. Aliweka kikombe karibu nami akasema taratibu, "Dada, mimi nilishajaribu hiyo," akarudi ndani.

Bibi Zamu alisubiri mpaka nilipomaliza kupenga kamasi.

"Una karatasi nyingine?"

Nilikuwa na daftari hili. Nikachana ukurasa wa katikati.

"Andika ninavyosema. Usipambe."

Nimenakili hapa, maana ile yenyewe nimeihifadhi kwenye bahasha ya kesho. Alisema hivi, na mimi nikaandika kwa mwandiko wangu mbaya:

Mimi nilikuwa msimamizi wa bomba la Kambini. Huyu sikumwona akizaliwa. Nilimwona akifika, mgongoni kwa mama yake, hajaanza kutembea. Mama yake sikumwuliza alikotoka kwa sababu alikuwa na mtoto na kiu. Alipoweza kubeba kopo alibeba, alipoweza kubeba ndoo alibeba, na kwenye msaragambo wa mfereji wa bomba hajakosa hata mmoja isipokuwa wiki aliyougua surua. Tangu siku ile sijamwona akitoka Same. Anayesema anatoka mahali pengine aniletee aliyemwona huko.

Akaniambia nimsomee. Nikasoma. Kwenye "akifika" nilipita harakaharaka, akasema, "Rudia hapo, hukusoma vizuri." Nikarudia. Akaniambia tena, mpaka nikaweza kulisoma kama neno lingine lolote.

Nikamwambia, "Bibi, karatasi hii inaweza kunimaliza."

"Inaweza," akasema. Hakunipoza. Nilitegemea atanipoza. "Umebaki mstari?"

Nikatazama. "Umebaki mmoja, chini kabisa."

"Andika: Mkitaka kumwondoa, njooni mniulize mimi kwanza, nipo, natembea."

Hatembei. Anashikwa mkono kutoka mlangoni mpaka uani, niliona. Nikashika kalamu bila kuandika, na yeye akajua kwa nini nimesimama. Akatweta kidogo, akaegemeza mkono kwenye bega langu, akasimama, akapiga hatua nne mpaka kwenye mfereji na nne kurudi, miguu ikitetemeka, mwanawe akichungulia dirishani bila kuthubutu kutoka.

"Umeona?" akasema, amekaa, pumzi zimemwishia. "Andika."

Nikaandika. Wino wa kidole ulikuwa umekauka, nikampaka upya, akabonyeza mwenyewe chini ya mstari ule.